"Sorry" si pole, wala si samahani

Mwenzangu wa kazini, aliyekulia kwenye Kiingereza, alijikwaa kwenye ngazi makaratasi yake yakatawanyika. Nikamwambia, "Sorry." Akanikodolea macho: "Kwani wewe ndiye uliyenisukuma?" Tulicheka, tukaokota makaratasi, lakini swali lake sikuliacha pale ngazini. Mimi nilimpa pole. Yeye alisikia naomba radhi.

Wengi wetu tulijifunza neno hili kwa kulikariri: maana ya kwanza samahani, ya pili pole, basi. Sikumbuki kuambiwa kwamba ni kivumishi, sawa na "tired" au "happy". Ukisema "I am sorry" unaeleza hali yako mwenyewe: nasikitika, nina uchungu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sārig", ndugu wa "sore", neno la kidonda na maumivu. (Wengi hulihusisha na "sorrow", yaani majonzi. Yamefanana sura tu, ukoo ni mbalimbali.)

Pole yetu haimzungumzii msemaji hata kidogo. Inamwendea aliyepatwa na jambo, tena inahesabu watu: mmoja pole, wengi poleni. Naye ana jibu lake, asante au nimeshapoa. Samahani nayo ni ombi. Unataka kitu kutoka kwa uliyemkosea. "Sorry" haitoi wala haiombi. Inasema tu ninavyojisikia, mengine msikilizaji ajijazie.

Ndiyo maana mimi huangalia majirani wa neno kabla ya neno lenyewe. "I'm sorry to hear that" ni pole. "I'm sorry for being late" ni kuomba radhi. "I feel sorry for him" ni kumhurumia mtu, na ukimwambia mwenyewe usoni anaweza kuona umemdharau. "Sorry?" kwa sauti inayopanda ni "umesemaje?" tu. Likitangulia nomino linabadilika kabisa: "a sorry state" ni hali duni, ya kutia huruma, na hapo hakuna aliyemkosea mtu.

Usidhani ni mambo ya darasani tu. Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akapotea. Ndege ya Marekani ikatua Hainan bila ruhusa, na watu 24 waliokuwamo wakazuiliwa siku 11. China ilitaka kuombwa radhi. Marekani haikutaka kukiri kosa. Kilichowatoa ni barua ya balozi wa Marekani yenye "very sorry" mara mbili: moja kwa msiba wa familia ya rubani, nyingine kwa ndege kuingia na kutua bila idhini. Beijing wakatangaza kwamba wameombwa radhi. Washington wakasema hawakuomba radhi yoyote.

Barua ile ingeandikwa kwa Kiswahili, sijui wangejifichia wapi. Ile ya kwanza ni pole, haina ubishi. Ya pili je? Huwezi kumpa mwenye nyumba pole kwa sababu wewe umeingia bila hodi.

Hata watunga sheria wamelazimika kulichambua neno hili. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria mwaka 1986 ili maneno ya huruma baada ya ajali yasitumike mahakamani kama ushahidi wa kukiri kosa. Ontario, Kanada, mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi, ikalinda hata kuomba radhi kwenyewe. Kwa lugha yetu: wa kwanza walilinda pole, wa pili wakaongeza na samahani. Sisi tungelielewa hilo kwa maneno mawili.

Kuna mahali lakini nimeshindwa kabisa. "Pole na kazi" haina njia ya kuingia kwenye "sorry". Nilijaribu siku moja, nikamwambia yule mwenzangu "Sorry for the work". Akauliza kwa wasiwasi kazi yake ina kasoro gani. Sasa namwambia kwa Kiswahili, naye ananijibu, kwa lafudhi yake, "Nimeshapoa."