Pilau Ilikuwa Upande wa Kulia

Haya, ni mimi. Ile klipu ya sekunde 47 mnayorushiana tangu juzi, yule mtu mwenye boksi jeusi machoni na shati la kitenge, ni mimi, msiulizane tena. Ila Tanga (tunamwita hivyo kwa sababu ndiko kwao, na jina lake halisi kwa sasa sitaki hata kulitamka) ameikata mwanzo ili nionekane nimepagawa. Sikupagawa. Nilikuwa natua.

Mlioko huku Dayton mnaijua hadithi yangu. Tangu nihamie Ohio, siku yangu ya mapumziko naimalizia kwenye lile jumba la makumbusho la jeshi la anga. Kuingia ni bure, jamani, na hakuna anayekuuliza unatoka saa ngapi. Ndege zimejaa humo mpaka unachanganyikiwa, lakini mimi nina mchumba mmoja tu: Betty Jo. Ni ndege ya kivita aina ya Twin Mustang, ya pangaboi, yenye viwiliwili viwili. Viwili kweli. Vimeshikana bawa katikati na mkia kule nyuma, kila kimoja na injini yake na chumba chake cha rubani. Ukiiona mara ya kwanza unajiuliza dawa ya mafua umekunywa vijiko vingapi.

Nimewachosha watu na ndege hii. Kazini, msikitini, kwenye foleni ya unga kwa yule Mkongo. Nawaambia, si zile ndege za kivita za kawaida za Mustang mbili zilizoungwa kwa gundi, kila kiwiliwili kilirefushwa karibu mita moja na nusu. Nawaambia Wamarekani waliitaka kwa ajili ya kusindikiza yale madege ya mabomu ya B-29 mpaka Japani, safari ambayo rubani mmoja angefika amezeeka, wakaona bora wakae wawili wapokezane. Vita Kuu ya Pili ikaisha haijafika kazini. Kisha nawapa ile ya Februari 1947: Betty Jo iliondoka Hawaii ikaja kutua New York bila kusimama popote, zaidi ya kilomita 8,000 kwa saa 14 na dakika 32, Robert Thacker kushoto, John Ard kulia. Ni kama muda wa basi la Dar kwenda Mwanza, ila hakuna kusimama Singida kuchimba dawa. Na matangi matatu ya nje, yale yanayotakiwa kudondoshwa yakiisha mafuta, hayakudondoka. Wakayabeba hivyo hivyo mpaka mwisho, kama konda aliyesahau kushusha magunia ya watu.

Ndiyo maana wakaniita Kapteni. Na mimi, mjinga, nikaitika.

Sasa Jumapili. Tanga alikuwa amenunua ule mchezo wa kurusha ndege na vifaa vyake vyote: fimbo ya kuongozea, pedali za miguuni, wenzo wa mafuta, na lile boksi la kuvaa machoni ambalo ukigeuza shingo na dunia yake inageuka. Akanipigia. "Kapteni, ndege yako nimeipata. Njoo uturushe." Hakuniambia kwamba mama yake ameingia kutoka Tanga siku tatu zilizopita. Hakuniambia kwamba kuna wageni tisa. Nafika, nakuta mkeka umetandikwa sebuleni, sinia la pilau la kuzungukwa na watu sita, bakuli la kachumbari, jagi la juisi ya ukwaju lina barafu mpaka juu. Mama amekaa na kanga zake mbili, mtulivu, anawaangalia vijana wa Amerika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye rubani?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nafasi nzuri kabisa, pana, ya mchana kweupe. Nikasema, "Najaribujaribu, mama."

Kiti kilikuwa cha ofisi, kile chenye magurudumu matano madogo. Nani alikiweka pembeni ya mkeka? Mimi. Nilitaka mama aone televisheni vizuri. Mkeka ukabaki kulia kwangu. Kumbukeni hiyo kulia.

Nikavaa boksi. Jamani, niwaambie ukweli, pamoja na aibu yote iliyofuata: pale mwanzo nilitaka kulia. Nimeketi ndani ya Twin Mustang! Mbele yangu pua ndefu mpaka huoni kitu, maana ikiwa chini inakaa juu ya magurudumu yake ya mkiani, imeinua uso kama bibi harusi wa Kizaramo. Nikageuka kulia, na pale ng'ambo ya bawa ikawepo ndege nyingine kamili, na chumba chake cha rubani, inatetemeka sawasawa na yangu. Ni ndege yangu pia. Akili inachukua muda kuikubali.

Nikatia mafuta. Injini zikanguruma, zote mbili. Ndege haiendi. Nikaongeza. Sebule nzima inatetemeka, ndege imeganda. Mnajua nilifanya nini? Niliwapa somo. Nikiwa nimevaa boksi, uso nimeuelekeza kwenye friji nikidhani ndiko waliko wageni, nikawaambia kwamba hii ni historia, kwamba hata ile ya kwanza kabisa mwaka 1945 ilikataa kupaa. Pangaboi zake zilikuwa zinazunguka kwa namna kwamba mapanga yanapofika upande wa katikati yanapanda, hewa ikavurugika juu ya lile bawa la kati, bawa likakosa nguvu ya kuinua. Wakaja kubadilishana injini, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, mapanga yakawa yanashuka katikati, ndipo ikapaa. "Kwa hiyo, ndugu zangu, subira..."

"Kapteni," Tanga akasema, "hujaachia breki."

Haya, nikaachia. Tukapaa.

Huko juu sina la kujitetea, palikuwa patamu. Ila kuna kitu nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukielewa. Kwenye ndege hii rubani hakai katikati. Yuko kushoto, na kitovu cha ndege kiko kule bawani, mahali pasipo na mtu. Kwa hiyo ukilaza ndege kulia, hulali tu: unainuliwa, kama mtu aliyekaa ncha moja ya ubao wa pembea. Ukiilaza kushoto, unadondoshwa. Nililaza kulia, kushoto, kulia tena, kwa mbwembwe. Tumbo langu likabaki kwenye ile kulia ya kwanza.

Nikasikia jasho la baridi. Harufu ya karafuu ikanijia, na kwa mara ya kwanza maishani pilau haikunivutia. Nikasema kwa sauti ya kikapteni, "Natua."

Sasa hapa twende taratibu, kwa sababu hapa ndipo Tanga ameanzia klipu yake.

Futi 300. Njia ya kutulia iko mbele, mstari mweupe katikati yake. Mimi ni dereva wa gari la mizigo, mstari naujua. Nikaulenga na pua yangu, katikati kabisa, safi. Mnaona kosa? Wewe wa Mwanza uliyeandika "pumzika kwa amani pilau" huwezi kuliona, kaa kimya. Mstari unatakiwa upite katikati ya viwiliwili viwili. Ukiuweka chini ya pua ya kushoto, basi lile pacha la kulia unalipeleka majanini.

Futi 100. Tanga: "Kapteni, tairi la kulia!"

Nikatupa jicho kulia. Naliona pacha, naona kioo chake, ila tairi silioni, bawa limeziba. Nikanyoosha shingo. Bado. Nikainamia kulia kidogo. Na lile boksi halina adabu: ndege ya kweli ina kioo cha kukuzuia, hili ukiinama linakupitisha kichwa nje kama mzimu. Nikaona nyasi. Nikasema, nikiinama tena kidogo nitaliona na tairi.

Futi 30. Nimetoka nusu mwili nje ya ndege inayotembea kwa kasi ya kutisha. Mguu wa kushoto ukakumbuka kazi, ukakanyaga pedali ya kushoto kwa nguvu zote ili kuirudisha ndege barabarani. Pedali zile zimefungwa kwenye sakafu. Kiti hakijafungwa popote. Mnaoelewa mambo ya nguvu na mwendo mshaanza kucheka.

Kiti kikaondoka. Polepole, kwa heshima, kikielekea kulia na nyuma. Mimi ndani ya boksi naona ndege imetulia vizuri, mwili wangu unaniambia tunateleza. Nikapaza sauti: "Magurudumu! Magurudumu!" Nikimaanisha ya ndege. Nikaachia fimbo, nikatupa mkono wa kulia kushika ukingo wa dirisha. Nauona kabisa ule ukingo, una misumari midogo, una rangi iliyochubuka. Nikaushika. Haukuwepo.

Kuna kitambo kati ya kukosa dirisha na kufika chini. Katika kitambo kile nilisikia mambo matatu. Jirani yetu wa Lubumbashi: "Mungu wangu, huyu baba iko nafanya nini?" Mtoto wa mtu anacheka. Na mama, kwa upole kabisa, anamuuliza mwanawe, "Huyu hali hii humjia mara kwa mara?"

Kiwiko kilitangulia. Kikaingia kwenye kitu cha moto, laini, chenye punje. Kikafuata kifua. Kumbukeni boksi bado liko machoni, na ndani ya boksi bado nipo kwenye ndege ya kivita, kwa hiyo akili yangu ilifanya hesabu ya haraka ikanijibu: hayo ni matumbo yako. Nikapiga kelele ambayo mmeisikia wote. "Naungua! Inaungua! Naungua!"

Sasa mama wa watu ametoka Tanga, amekaa kwenye ndege siku nzima, hajui habari za maboksi. Anamwona mtu mzima yuko chini anasema anaungua. Akafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili timamu. Alinyanyuka, akachukua jagi la ukwaju, akanimwagia lote, na barafu zake, kuanzia kisogoni.

Hapo ndipo klipu inapoishia, na si bahati mbaya.

Yaliyobaki ni machache. Walinivua boksi. Pilau iliokolewa nusu, upande ambao sikuufikia, na wageni wakala kwa mikono wakiwa wamekwepesha macho ili wasinicheke, jambo ambalo linaumiza kuliko kucheka. Zulia nimelisugua mwenyewe. Boksi limeingia ukwaju, nalilipa kwa awamu tatu. Shati limekataa, lina bawa la binzari kifuani. Kabla sijamaliza kuoga, dada yangu aliyeko Morogoro alikuwa ameshaniandikia, "Kaka, umeokoka?"

Ila kuna jambo Tanga hajawaambia, na lingekuwa kwenye klipu kama angekuwa muungwana. Nilipovuliwa lile boksi niliangalia televisheni. Ndege ilikuwa imesimama. Mzima. Tairi moja la kulia majanini, pangaboi zote zinazunguka taratibu, hakuna hata mkwaruzo. Mimi nilikuwa chini na hiliki puani, Betty Jo wangu ametua mwenyewe.

Nikakaa palepale mkekani, natiririka, nikamwomba mama msamaha. Akaniambia si kitu mwanangu, chakula hupikwa kingine. Kisha akakitazama kioo cha televisheni kwa muda, akakaza macho, akanyoosha kidole kwenye kile chumba cha pili cha rubani.

"Na yule mwenzio wa ile ndege nyingine," akasema, "mbona hakuna aliyekwenda kumtoa?"