Waya wa spika na chumvi ya bahari

Msimu wa korosho ukilipa vizuri, watu wa Mtwara na Lindi huezeka nyumba, hununua pikipiki, na wapo ambao hatimaye hununua muziki waliokuwa wakiutamani: amplifaya, jozi ya spika kubwa, na pengine sabufa ya kuongeza besi. Vyombo vikishafika nyumbani huzuka swali la nyaya za kuviunganishia, na swali hilo lina majibu mawili yasiyopatana. Muuzaji husema kwamba kila seti ina waya wake, kwamba spika zenye ukali huhitaji waya wa kuzilainisha na spika nzito huhitaji waya wa kuzichangamsha, na kwamba bei ya waya inapaswa kulingana na bei ya vyombo. Fundi wa mtaani husema waya ni waya, chukua hata ule wa taa. Binafsi naegemea zaidi upande wa fundi, lakini si kwa sababu anazozitoa yeye.

Tuanze na yale yanayopimika. Waya wa spika hupitisha umeme kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika na kurudi, na kikwazo kikubwa katika safari hiyo ni ukinzani wa waya wenyewe, ambao hutegemea mambo matatu: madini, unene na urefu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.75, ambao ni wa kawaida sana madukani, ukivutwa mita 10 hadi kwenye spika huwa na ukinzani wa takribani omu 0.46 (omu ni kipimo cha ukinzani) ukihesabu kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8, takribani asilimia 5 ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya huishia kwenye waya kama joto. Kwa spika ya omu 4 hasara hiyo hukaribia asilimia 10. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali ule ule huwa na omu 0.14 tu, na ukinzani huo huo utaupata kwenye ule waya mwembamba ukiwa na urefu wa mita 3. Kwa hiyo anayeweka spika kandokando ya amplifaya katika sebule ndogo hana sababu ya kuhangaika na waya mnene, ilhali anayevuta waya kupitia darini hadi barazani anayo.

Hapa ndipo fundi anapokosea, na ndipo muuzaji anapokuwa na hoja kuliko tunavyopenda kukiri. Ukinzani wa spika haukai mahali pamoja. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi omu 5 kwa baadhi ya sauti na kupanda hadi omu 30 kwa nyingine. Waya mwembamba na mrefu unapoingia katikati hupunguza zaidi zile sauti ambazo spika ina ukinzani mdogo, na hupunguza kidogo zile ambazo ina ukinzani mkubwa, hivyo uwiano wa sauti hubadilika. Katika mfano wangu wa omu 0.46 tofauti hiyo hufikia takribani desibeli 0.6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi kidogo ambacho sikio lililozoea muziki fulani linaweza kukitambua. Kusema kwamba waya umebadilisha rangi ya sauti si upuuzi, basi. Kosa la muuzaji ni kuiuza kasoro hiyo kama kipaji cha waya, kwa sababu waya mnene wa kutosha, wa bei ya kawaida, huiondoa kabisa, na baada ya hapo hakuna cha kulainisha wala cha kuchangamsha.

Mjadala huu ulianzia mbali na kwetu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 wapenzi wengi wa muziki nchini Marekani walitumia waya wa kawaida wa taa, kisha kampuni ya Monster Cable, iliyoanzishwa na Noel Lee, ikafanya waya wa spika kuwa bidhaa yenye jina lake na bei yake. Bei ziliendelea kupanda, hata kampuni ya Pear Cable ikauza jozi ya nyaya za spika kwa dola 7,250. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kupima madai ya ajabu, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kuzitofautisha nyaya hizo na zile za Monster kwa kusikiliza tu, bila kuziona. Jaribio hilo halikufanyika, kwa hiyo halithibitishi lolote kwa upande wowote. Linaloonekana ni kwamba shabaha yenyewe ilikuwa sahihi: dai la kusikia hupimwa kwa kusikia, macho yakiwa hayajui.

Na nina sababu ya kuyashuku macho yangu mwenyewe. Nyumba ninayokaa Shangani, Mtwara, haiko mbali na maji. Miaka kadhaa iliyopita spika yangu ya kushoto ilianza kufifia, sauti za juu zikawa na mkwaruzo, na besi ikalegea. Nilinunua nyaya ambazo bei yake ilikuwa mara nane ya zile za zamani, nikazifunga, na muziki ukafunguka kama dirisha. Nilikuwa tayari kumwambia kila mtu kwamba muuzaji alisema kweli. Wiki moja baadaye nilizichukua nyaya za zamani ili nimpe jirani, nikakuta ncha zake zimekuwa za kijani na nyuzi zinapukutika. Nikazikata ncha hizo kama sentimita mbili, nikamenya upya hadi shaba inayong'aa ikatokea, kisha nikazirudisha kwenye amplifaya kwa udadisi tu. Nikamwomba mwanangu abadilishe nyaya mara kumi bila kuniambia zipi ni zipi, mimi nikiwa nimekaa kwa kuipa amplifaya mgongo. Sikuweza kuzitofautisha.

Tangu siku hiyo naamini kwamba watu wengi wa pwani yetu wanaosema waya mpya umebadilisha sauti wanasema kweli kuhusu walichosikia, ila wanakosea kuhusu kilichosababisha. Upepo wa bahari hubeba chumvi na unyevu, na shaba iliyo wazi huota kutu ya kijani isiyopitisha umeme vizuri, hasa pale ambapo waya umesokotwa na kubanwa kwa kulegea nyuma ya spika. Anayebadilisha waya hulazimika kufungua vibanio, kuvifuta na kukaza upya, kazi ambayo huenda hakuwahi kuifanya tangu aliponunua muziki wake. Waya mpya hupokea sifa za kazi hiyo. Kwa ndugu zetu wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde na mbali na maji, waya wa aina ile ile unaweza kukaa miaka mingi ncha zake zikiwa bado nyekundu.

Hili hutupeleka kwenye jambo ambalo ningependa wauzaji waliseme waziwazi zaidi kuliko habari za ulaini na uchangamfu. Nyaya nyingi za bei nafuu si shaba tupu, au kopa kama mafundi wanavyosema, bali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Waya wa namna hiyo wenye unene wa 2.5 hupitisha umeme kama wa shaba wa takribani 1.6, jambo ambalo lingevumilika kama lingeandikwa kwenye karatasi yake na kuhesabiwa katika bei. Lakini alumini na shaba zikikutana mahali penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa haraka, na ncha huwa ungaunga mweupe. Kwa Mikindani au Kilwa Masoko ni heri waya mwembamba kidogo wa shaba kuliko mnene wa mchanganyiko. Kuutambua si kazi: kwaruza uzi mmoja kwa wembe, na ukiona weupe ndani, umejua. Ukiupima mkononi pia utauona ni mwepesi kuliko umbo lake, maana shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini.

Nyaya zinazotoka kwenye deki au simu kwenda kwenye amplifaya ni habari nyingine. Hizo hubeba umeme mdogo sana, na tatizo lake ni mvumo: mngurumo wa chini unaotokana na umeme wa nyumbani, ambao hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Wavu wa shaba unaozunguka uzi wa ndani hukinga sehemu kubwa ya mvumo huo, hivyo waya wenye wavu uliosukwa vizuri unastahili bei yake. Mwenye santuri anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu sindano za aina nyingi hubadilika sauti kutokana na waya mrefu, na hapo neno la muuzaji kwamba waya huchaguliwa kulingana na chombo ni sahihi kabisa.

Nyumbani kwangu zimebaki zile nyaya za zamani, na zile za bei kubwa nilimpa jirani. Kila mwaka kabla mvua hazijaanza nafungua vibanio, nakata sentimita moja, namenya, nafuta na kukaza. Ndiyo maana namshauri anayepima urefu wa waya wake sasa aongeze nusu mita kila upande.