Ampli Ndogo za Bei Nafuu: Uliza Volti Kabla ya Wati

Mtu anayetaka kusikiliza muziki nyumbani kwa spika mbili nzuri halazimiki tena kununua ampli kubwa yenye transfoma ya kilo kadhaa. Kwa dola 60 hadi 120 hivi anaweza kuagiza ampli inayoenea kiganjani, kutoka kampuni za China kama Fosi Audio, Aiyima au SMSL, nayo ikaendesha spika za sebuleni kwa sauti safi ambayo zamani ilihitaji fedha nyingi zaidi. Ampli hizi naziunga mkono bila kusita. Ninachokipinga ni namna zinavyouzwa, kwa sababu karibu kila tangazo huanza na idadi ya wati, na idadi hiyo mara nyingi haimsaidii mnunuzi kuchagua chochote. Namba yenye maana zaidi imeandikwa kwenye adapta, nayo ni ya volti.

Sababu yake ni hesabu. Ampli hizi ni za daraja D, yaani chipu yake huwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, kisha koili na kapasita huchuja mapigo hayo hadi yabaki mawimbi ya muziki peke yake. Umeme mchache hupotea kama joto, na ndiyo maana ampli yote hutosha katika kijisanduku bila feni. Lakini mawimbi yanayoifikia spika hayawezi kupanda kuliko volti zinazotoka kwenye adapta. Ukitaka kujua ukomo wa wati kwa kila spika, zidisha volti za adapta kwa zenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Adapta ya volti 12 kwa spika ya omu 8 inaishia wati 9. Ya volti 24 inaishia wati 36, ya volti 32 wati 64, na ya volti 48 wati 144. Huo ni ukomo wa kinadharia, na hali halisi huwa chini yake kidogo.

Tuchukue Fosi BT20A, ampli inayojulikana sana katika kundi hili, ambayo hutangazwa kuwa na wati 100 kwa kila upande. Ndani yake mna chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments, na watengenezaji wa chipu hiyo wenyewe wanaipa wati 50 kwa kila upande, kwa spika za omu 4, tena wakati ambapo sauti imekwisha kupotoka kwa asilimia 10. Adapta ya volti 24 na ampea 4.5 inayoambatana nayo ina uwezo wa wati 108 kwa jumla, kwa hiyo wati 200 za pande mbili hazina mahali pa kutoka. Ni haki kuongeza kwamba muziki hauvuti umeme kwa kiwango kimoja muda wote. Ngoma hupiga kwa nukta moja kisha pakawa na nafasi, na kapasita zilizo ndani ya ampli hujazia mapigo hayo mafupi. Hata hivyo volti hazijaziwi na kapasita, na mnunuzi wa BT20A mwenye spika za omu 8 amenunua ampli ya wati thelathini na kitu. Hiyo ni ampli nzuri, na ingeweza kuuzwa kwa jina lake la kweli.

Marekani waliliona tatizo hili mapema. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliweka kanuni ya kutangaza wati za ampli za nyumbani mwaka 1974, na mwaka 2024 ikaifanyia marekebisho ili wati zinazotangazwa zipimwe kwa spika ya omu 8, katika masafa yote ya sauti, kutoka za chini kabisa za hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) hadi za juu kabisa za 20,000, na upotoshaji usiozidi asilimia 1. Kwetu Afrika Mashariki tumezoea maboksi ya sabufa yaliyoandikwa maelfu ya wati za PMPO, kipimo kisicho na kanuni yoyote inayoeleweka, na nadhani mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuamini kwamba ampli ya wati 30 ni kitu dhaifu.

Wati 30 si kitu dhaifu. Spika nyingi za rafu hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 hadi 88 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Ukiipa wati 36 spika ya desibeli 86, unapata zaidi ya desibeli 101 kwa umbali huohuo, kiwango ambacho katika sebule ya kawaida kitawafanya watu wapaze sauti ili wasikilizane. Kuongeza wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini ya kiasi, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu kwa kawaida zinahitajika wati mara 10. Kutoka adapta ya volti 24 hadi ya volti 32 unapata desibeli 2.5. Mtu asilipe nusu ya bei tena kwa ajili ya desibeli hizo ikiwa spika zake ni za bei rahisi, kwani fedha hiyohiyo ikitumika kwenye spika mabadiliko yatasikika tangu wimbo wa kwanza.

Kwa nini basi nisiseme kila mtu anunue ya chipu ndogo, mjadala ukaisha? Kwa sababu tofauti kati ya kundi la chipu ndogo ya TPA3116 na kundi la chipu kubwa ya TPA3255, lenye ampli kama Aiyima A07 na Fosi V3, ni pana kuliko nguvu. TPA3255 haipotoshi sauti sana kama TPA3116, huhimili spika za omu 4 bila kuhangaika, na ikipewa volti za kutosha hubaki tulivu pale muziki unapopanda ghafla. Mtu mwenye spika za sakafuni zenye besi nzito, au mwenye chumba kikubwa, atafaidika nayo. Lakini hapa pia adapta ndiyo inayoamua. A07 hutangazwa kwa wati 300 kwa kila upande, na Texas Instruments kweli hutaja wati 315 kwa chipu hiyo, ila kwa spika za omu 4, kwa upotoshaji wa asilimia 10, na kwa umeme unaozidi volti 50. Muuzaji akikupa adapta ya volti 32 na ampea 5, umepata chombo cha wati 64 kwa spika za omu 8. Fosi V3 huuzwa kwa adapta ya volti 32 au ya volti 48, na kwa maoni yangu anayekusudia kununua V3 kwa ajili ya nguvu achukue ya volti 48 au asiichukue kabisa.

Jambo jingine linalotenganisha ampli hizi halitajwi katika matangazo mengi, nalo ni uhusiano kati ya ile filta ya koili na spika yenyewe. Spika haina omu zilezile kwa masafa yote. Spika inayoitwa ya omu 8 inaweza kushuka hadi 5 mahali fulani na kupanda hadi 20 mahali pengine. Ampli nyingi za bei nafuu hukagua na kusahihisha sauti kabla haijapita kwenye filta, kwa hiyo filta hubaki peke yake mbele ya spika, na sauti nyembamba za juu kabisa huinuka au kushuka kulingana na spika uliyofunga. Ndiyo maana mtu mmoja husema ampli fulani inang'ara kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na mwingine akasema ampli hiyohiyo imezubaa, na wote wawili wakawa wakweli. Miundo mipya huchukua sampuli ya sauti baada ya filta na kuirudisha ili isahihishwe, na matokeo yake ni ampli isiyobadilika tabia kwa kila spika. Fosi V3 Mono imefanywa hivyo. Kwangu mimi huu ndio uboreshaji mkubwa zaidi uliofika katika ampli za bei hii, na unastahili kulipiwa kabla ya wati za ziada. Wenye umri mkubwa wasihangaike nao sana, maana mabadiliko hayo hutokea karibu na mwisho wa masafa ambayo masikio ya utu uzima hayafiki tena.

Siwezi kusema hivyo kuhusu valvu ndogo zinazochomekwa mbele ya baadhi ya ampli hizi, zikimulikwa kwa taa ya rangi ya chungwa kutoka chini ili zionekane zimepata moto. Wala sioni faida ya kununua zile chipu ndogo za kukuza sauti (op-amp) za kubadilisha kwenye soketi, ambazo baadhi ya ampli zimeziwekea nafasi, kwa sababu zile zilizomo tayari zina usafi unaozidi wa spika mara nyingi. Fedha hizo zina kazi nyingine.

Kwa wasomaji wanaotumia umeme jua, au wanaoishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kulinganisha kunabadilika kabisa. Chipu ya TPA3116D2 inafanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo ampli yake kwa kawaida inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, bila inveta, na hata volti 14 na kitu za wakati betri inachajiwa haziidhuru, mradi uweke fyuzi kwenye waya chanya. Utapata wati 9 hivi kwa spika za omu 8, au 18 kwa za omu 4, na kwa hiyo spika za omu 4 zenye desibeli nyingi ndizo zinazofaa. TPA3255 haiwezi hilo, kwa kuwa inahitaji volti 18 au zaidi. Hiyo itakulazimu kuunganisha betri mbili ili upate volti 24, au kuweka kifaa cha kupandisha volti. Kwa mtu wa sola, ampli ya bei ndogo ndiyo bora, na sisemi hivyo kwa kumhurumia mfuko wake. Vilevile adapta ya kompyuta mpakato iliyozeeka, ya volti 19 na ampea 3 au zaidi, ni chanzo kizuri cha umeme kwa ampli ya TPA3116 iliyouzwa bila adapta. Kinachotakiwa ni ncha inayoingia, na chanya iwe katikati kama ampli inavyoelekeza.

Wanaotaka kuunganisha televisheni waangalie matundu kabla ya chipu. A07 na V3 hupokea waya za kawaida nyekundu na nyeupe tu, ilhali televisheni nyingi za sasa zimeondoa matundu hayo na kubaki na lile la waya wa mwanga, linalotoa taa nyekundu. Loxjie A30, yenye chipu ya MA12070, ina tundu hilo pamoja na Bluetooth na rimoti, na kwa sebule yenye televisheni naipendelea kuliko ampli yenye nguvu mara mbili inayokudai uinuke kila tangazo la biashara linapopiga kelele. Televisheni iwekwe kutoa sauti ya PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, la sivyo ampli haitatoa sauti. Bluetooth peke yake inatosha kwa muziki, ila kwa filamu midomo na maneno huweza kupishana.

Wapo watakaosema ampli ya mtumba ya Kijapani ni bora kuliko vyote hivi. Ikiwa nzima, ni kweli inaweza kuwa nzuri sana, lakini kapasita zake zimezeeka, na ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, hivyo inahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu.

Limebaki suala la kufunga waya, ambalo mafundi waliozoea redio za zamani wanapaswa kulijua. Katika ampli hizi ncha hasi ya spika si ardhi, kwa sababu chipu husukuma umeme kwenye ncha zote mbili. Ukiunganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia ili kuokoa waya, kama ilivyofanyika katika vyombo vingi vya kale, au hasi ikigusa bodi ya chuma, chipu itajizima kujilinda au itaungua. Kila spika ipewe waya zake mbili mpaka kwenye ampli. Sabufa yenye umeme wake nayo isichukue sauti kutoka kwenye ncha za spika kwa waya wa kubuni. Itumie tundu lake maalumu, ambalo V3 inalo nyuma, na ambalo ni vyema kulihakikisha kwenye picha ya ampli kabla hujatuma fedha.