Madaftari 180 na Ushauri wa Kupumzika

Tuanze na hesabu, maana niliwahi kufundisha Hisabati na tabia hiyo haijanitoka. Mwalimu wa darasa la tano ana mikondo miwili, kila mkondo una watoto 90. Kwa shule nyingi za msingi za pembezoni mwa miji yetu hapa Tanzania, idadi hiyo haimshangazi mtu. Akitoa zoezi moja la maswali matano, anabaki na madaftari 180 mezani. Ampe kila mtoto dakika mbili tu, za kuweka tiki, kuweka kosa na kuandika alama: ni dakika 360. Saa sita. Hapo ni zoezi moja la somo moja, na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija shuleni, kitu cha mwanzo kufunguliwa ni daftari la mwanafunzi, kuona yametolewa mazoezi mangapi na yamesahihishwa mangapi.

Sasa mwambie mwalimu huyo alale saa nane. Atakujibu kwamba ndiyo saa anayolala kila siku.

Uchovu wa walimu ninaouzungumzia hapa, ambao Waingereza huuita "burnout", si ule wa Ijumaa unaoisha Jumapili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, kwa maelezo kwamba wenyewe si ugonjwa bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuikimbia kazi kimoyomoyo au kuibeza, na kujiona hufanyi lolote la maana. Ofisini kwa walimu dalili hizo zina majina yake. Ya kwanza ni "nimechoka mpaka mifupa". Ya pili ni "mimi naenda kusaini tu". Ya tatu ni "hata ufundishe vipi, hawa hawaelewi". Ninayemhofia zaidi ni huyu wa tatu, kwa sababu kwa niliowaona, aghalabu ndiye aliyekuwa akiwahi kuliko wote miaka mitano nyuma.

Afanye nini? Hapo ndipo watu wanapogawanyika.

Upande mmoja unasema: mwalimu, jitunze. Lala, kunywa maji, tembea, usibebe madaftari kwenda nayo nyumbani, zima simu. Niliwahi kukaa kwenye semina ya namna hiyo. Mwezeshaji alikuwa mtu mwema, anazungumza taratibu, akatufundisha kuvuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne. Ilikuwa Jumamosi. Wakati tunahesabu, simu zilikuwa zinatetema mifukoni: kundi la WhatsApp la shule lilikuwa linataka takwimu za mahudhurio ya wiki, kwa jinsia, kabla ya saa sita mchana, afisa elimu kata anazisubiri. Nilimwona mwenzangu anavuta pumzi huku anaandika "ME 43, KE 47".

Ni rahisi kuucheka upande huu, na nimeucheka sana. Lakini una hoja ambayo wachekaji tunaipita haraka. Ajira mpya haziji kesho. Mwalimu anayesubiri mfumo ubadilike ndipo apumzike atasubiri mpaka astaafu, na shinikizo la damu halina subira hiyo. Pia si kila kinachomchosha mwalimu kinatoka darasani. Chukua madeni. Mshahara wa mwalimu aliyesoma kwa mkopo wa serikali unakatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo, halafu kuna mchango wa chama, halafu kuna mkopo wa benki wa kununua kiwanja. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara, na kwenye karatasi ya mshahara kweli theluthi inabaki. Kisha anaingia kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, ambaye hatazami karatasi. Yeye anataka kadi ya benki na namba ya siri. Mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine kutoa fedha, anachukua chake, anamrudishia mwalimu kilichosalia. Mtu aliye katika hali hiyo anafundisha sehemu huku akili yake yote ikiwa kwenye nambari nyingine. Na mkopo wa pili, ule wa kuchangia harusi ya mtoto wa shangazi ili watu wasiseme, mara nyingi ungeweza kukataliwa. Kwa mwalimu, naamini kuukataa ni kujitunza kuliko glasi nane za maji.

Ingawa ukimuuliza kwa nini alikwenda kwa kausha damu mara ya kwanza, utasikia habari ya uhamisho uliokuja bila fedha za kuhama, au malimbikizo ya kupanda daraja ambayo hayajaingia. Kwa hiyo hata deni si la mtu peke yake.

Upande wa pili unasema tatizo ni mzigo, si mbebaji. Una ushahidi mzito. Kiwango cha serikali katika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango, na utekelezaji ukaanza Januari 2016, watoto walimiminika darasa la kwanza, wakiwemo wengi waliokuwa wamekwama nyumbani kwa kukosa fedha. Lilikuwa jambo jema, na sitaki lisomwe vinginevyo. Lakini madawati, vyumba na walimu havikumiminika kwa kasi ileile, na pengo hilo lilizibwa kwa jioni za walimu.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba dunia ilishalijua hili zamani. Mwaka 1966 UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, ambalo ndilo tunaloliadhimisha kila Oktoba 5. Linasema wazi kwamba saa za kufundisha zipangwe kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi, muda wa kuandaa masomo na kusahihisha, na muda wa kuonana na wazazi. Ni karibu miaka 60 sasa. Ratiba ya shule bado inahesabu vipindi tu. Kusahihisha, kujaza shajara ya somo, kuandika andalio, kukaa na mzazi ambaye mtoto wake ameacha kuja: hayo yote hayana kisanduku kwenye ratiba, na kisicho na kisanduku kinafanywa usiku.

Vifaa vipya navyo vilikuja na masharti yake. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na tulivifurahia. Sasa taarifa inaweza kuombwa saa yoyote, maana kifaa unacho. Fomu za OPRAS za kupima utendaji wa mtumishi, ambazo zilijazwa na kusahaulika kabatini, nafasi yake imechukuliwa na PEPMIS, mfumo wa mtandaoni ambamo mtumishi anaingiza majukumu yake na utekelezaji wake. Kwa mwalimu wa mjini ni dakika chache. Kwa anayetafuta mtandao hadi juu ya kichuguu, ni safari, na safari hiyo haimo kwenye majukumu anayoruhusiwa kuingiza.

Halafu kuna umbali. Ingia kwenye kurasa za walimu mtandaoni, utakuta tangazo lilelile kwa sura mia: niko Sumbawanga, natafuta wa kubadilishana naye, nataka Tanga. Nyuma ya tangazo kuna mume au mke upande wa pili wa nchi na mtoto anayelelewa na bibi. Kenya walilionja hili kwa ukali zaidi. Kuanzia 2018 tume yao ya walimu ilihamisha walimu, hasa wakuu wa shule, mbali na maeneo ya kwao. Hoja haikuwa ya kijinga: kuunganisha taifa, na kumtoa mkuu wa shule kwenye mivutano ya ukoo na siasa za kijijini. Lakini vyama vya walimu vilipiga kelele kuhusu ndoa na afya, jambo likaingia kwenye kampeni za 2022, na mwaka uliofuata wengi wakaanza kurudishwa karibu na kwao. Mwalimu aliyerudi alipata nafuu ambayo mazoezi ya kuvuta pumzi yasingempa. Shule aliyoiacha ikapata kiti kitupu. Kila nafuu ya mwalimu mmoja ina mahali inapolipiwa, na watetezi wa "mfumo ubadilike" hawapendi kulisema hili.

Kuna jambo jingine hawalipendi. Neno "mfumo" limekuwa mwavuli mpana. Wapo wanaosaini saa moja, wanakaa chini ya mwembe hadi saa nne, na ukiwauliza wanakutajia uwiano wa walimu na wanafunzi. Vipindi vyao vinashikwa na mwenzao, ambaye ndiye atakayechakaa. Ukikaa ofisini kwa walimu muda mrefu utagundua kwamba sehemu ya mzigo wa mtu inatoka meza ya jirani, wala haikupitia Dodoma.

Wastaafu watatuambia kwamba wao walifundisha wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, madarasa yakiwa yamefurika na walimu wakipikwa vijijini kwa haraka, na hakuna aliyesema ana msongo. Shikamoo zao tunazitoa. Ila mwalimu wa wakati ule alikuwa na shamba karibu, alikuwa mtu mzito kijijini, na jua likizama hakuna aliyeweza kumfikia. Na ule msemo wa mwalimu ni mshumaa, unaowaangazia wengine huku ukiyeyuka, sijaelewa kwa nini tunausema kama sifa. Kwetu mshumaa ukiisha, tulikuwa tunatuma mtoto dukani akalete mwingine.

Niongeze moja kuhusu ushauri wa kujitunza: umeandikwa kana kwamba kila mwalimu akifika nyumbani anakuta chakula kimefunikwa mezani. Walimu wanawake, wakisoma "jitengee saa moja ya jioni kwa ajili yako", hucheka kwa sauti.

Kwangu mimi pande zote mbili zimeruka hatua. Mmoja unamtazama mwalimu mmoja akiwa peke yake na daftari lake, mwingine unaitazama wizara. Katikati kuna ofisi ya walimu, yenye watu kumi na wawili, birika la chai na mwalimu mkuu, na nimeona mambo yanayowezekana pale bila kusubiri bajeti. Shule moja niliyofundisha tulikaa kikao tukakubaliana mambo matatu. Katika kila mazoezi matatu, mwalimu asahihishe moja kwa kina. Mawili watoto wabadilishane madaftari, majibu yaandikwe ubaoni, mwalimu apite akiangalia. Mwalimu wa zamu, anayefika kabla ya wote na kuondoka wa mwisho, asipangiwe vipindi viwili vya kwanza. Na kundi la WhatsApp lifungwe saa kumi na mbili jioni, isipokuwa kwa msiba au mtoto aliyepotea.

Rudi kwenye hesabu. Saa sita kwa kila zoezi zikawa saa sita kwa mazoezi matatu. Hakuna aliyeongezewa mshahara wala aliyepunguziwa watoto, lakini theluthi mbili ya kazi ya usiku ya kusahihisha iliondoka. Tena watoto walianza kugundua makosa ya wenzao, jambo ambalo kalamu yangu nyekundu haikuwahi kuwafundisha. Mwalimu peke yake asingeweza: angeitwa mvivu, na wathibiti ubora wangemtaka aandike barua ya kujieleza. Kilichotukinga ni kwamba makubaliano yaliandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na mwalimu mkuu aliwasomea wathibiti ubora walipofika, bila kutetemeka. Waliuliza maswali mengi. Mwisho waliandika kwamba mwalimu aweke sahihi na tarehe hata kwenye yale yaliyosahihishwa na watoto, wakaondoka.

Udhaifu wa njia hii naujua vizuri, kwa sababu niliuona. Inasimama juu ya mabega ya mwalimu mkuu mmoja, ambaye kata inampigia simu usiku kama inavyowapigia wengine, na yeye ndiye aliyekuwa anazimeza simu zile ili zisitufikie. Sikuwahi kumuuliza alilala saa ngapi.

Alihamishwa mwaka uliofuata. Mrithi wake alikuwa mchapakazi na mwenye adabu, na wiki yake ya kwanza, saa tatu usiku, kundi likalia: "Habari za jioni walimu wangu, naomba takwimu za darasa la tano, zinahitajika sasa hivi." Wa kwanza kujibu nilikuwa mimi, niliyependekeza lifungwe.