Siuzi

Jana jirani kaja kuazima ndoo, akaona ubao wangu umeegemezwa ukutani unakauka, swali lake la kwanza: "Dada, hii unauza shingapi?" Nikamwambia siuzi. Akashangaa, "Sasa unachora ya nini?" Hilo swali nimelala nalo, nimeamka nalo, bado limenikaa kooni.

Mimi nilianza mwaka jana, miezi miwili baada ya kumzika mama. Usingizi hauji na kila mtu anakwambia jikaze. Stoo kulikuwa na makopo mawili ya rangi ya mafuta yaliyobaki tulipopaka geti na grili za madirisha, bluu na njano, na kipande cha silingibodi, ule ubao wa dari. Nikachovya brashi tu. Bluu ikaingia kwenye njano mbichi ikatoka kijani ambayo sijawahi kuiona dukani, na pale zinapokutana kukawa na kama ukungu wa asubuhi hivi, nikawa naongeza, nafuta na kitambaa, naongeza tena, nikashtuka adhana ya alfajiri hiyo. Usiku wa kwanza tangu msiba sijalia.

Halafu rangi ya mafuta haikubali haraka. Ukitaka kuweka ndege juu lazima chini pakauke kwanza, ukilazimisha inakuwa tope. Kwa mfiwa hilo sio jambo dogo jamani, maana watu wote wanataka wewe ukauke upesi.

Najua mtaniambia yule mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 na rangi zake za baiskeli alikuwa anatafuta hela ya kula. Sawa, ni kweli, na wanaoishi kwa brashi walipwe, tena vizuri. Lakini mtu wa kwanza kuchukua rangi ya baiskeli akaijaribu kwenye kibao cha dari, huyo alichezea kwanza! Tingatinga alifariki 1972, miaka minne tu ya kuchora, na angalieni alichoacha.

Sisemi rangi ni dawa ya kila kitu, hospitali nendeni. Na fungueni madirisha, ile harufu ni kali.

Ule ubao aliouona jirani ni kanga ya mama, ile aliyokuwa anajifunga akienda shamba. Nyekundu yake imenishinda mara tatu, nimetia tone la nyeusi bado haijafika, ile ilikuwa imepauka kwa jua. Leo usiku najaribu na kahawia.