Kubaki Si Kuzoea: Kelele za Binadamu na Maisha ya Wanyama

Kila barabara mpya inapopita kando ya msitu, au meli zinapoongezeka kwenye mlangobahari, anayeuliza kuhusu wanyama hujibiwa haraka: watazoea. Wanaosema hivyo hawasemi bila ushahidi. Ndege wamejaa mijini, pomboo huogelea mbele ya meli, swala hulisha kando ya barabara kuu. Tena dunia yenyewe haijawahi kuwa kimya. Kuna maporomoko, mawimbi, radi, na nyenje wanaoweza kuujaza usiku kwa milio yao. Huko China yuko chura aishiye kando ya vijito viendavyo kasi ambaye, ili mngurumo wa maji usimmeze, huita kwa sauti ya juu kiasi kwamba sehemu yake sikio la binadamu haliipati. Kama yeye ameweza, wengine watashindwaje?

Nusu ya hoja hii ni kweli, na watetezi wa wanyama hukosea wanapoipuuza. Kasoro yake ni kipimo. Inawahesabu waliobaki bila kuuliza wanabaki kwa gharama gani. Na chura yule alikuwa na vizazi visivyohesabika vya kuurekebisha mwito wake, ilhali injini zimeenea baharini na nchi kavu ndani ya umri wa nyangumi mmoja wa Aktiki, ambaye huweza kupita miaka 200.

Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kuipima gharama hiyo. Barabara huja na mengi: vumbi, taa, moshi, miti kufyekwa, wanyama kugongwa. Mtu aliweza kudai kwamba kelele inasingiziwa. Ndiyo maana nalithamini sana jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Boise, huko Idaho, Marekani. Walichagua mgongo wa mlima usio na barabara, wakapanga vipaza sauti kwa urefu wa nusu kilomita hivi, wakacheza mngurumo wa magari kwa siku nne, wakazima kwa siku nne, wakarudia hivyo katika msimu wa ndege wahamao. Gari halikuwapo hata moja. Sauti ilipowashwa, idadi ya ndege ilishuka kwa zaidi ya robo. Baadhi ya waliobaki walishindwa kunenepa kama impasavyo ndege aliye safarini. Shomoro walipochunguzwa kwa karibu katika chumba cha majaribio, sababu ilionekana: kelele ikiwepo, waliinua vichwa zaidi kutafuta hatari kwa macho, kwa kuwa masikio hayakuweza tena kuwaonya. Na kichwa kikiwa juu, mdomo hauokoti mbegu.

Anayepita hapo na darubini angeona ndege wamo, akaandika kwamba wamezoea.

Kuna jambo jingine ambalo desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, peke yake haziwezi kulieleza. Katika eneo pana la hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kundi la mtafiti Liana Zanette lilificha vipaza sauti karibu na madimbwi ya maji, likawachezea wanyama sauti za simba na sauti za watu wanaozungumza kwa utulivu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023: uwezekano wa wanyama kukimbia waliposikia watu ulikuwa karibu maradufu kuliko waliposikia simba. Hata tembo na vifaru walikuwamo. Kwa hiyo sauti yetu, bila injini wala honi, tayari ni habari ya kifo kwa masikio yao, na inawaondoa kwenye maji wanayoyahitaji. Nadhani wanaoendesha utalii wa wanyamapori hawajalitafakari hili vya kutosha.

Upande wa pili nao una mifano yake mizuri. Vifaa vidogo vya kutoa mlio, vikifungwa kwenye nyavu za wavuvi, hupunguza idadi ya pomboo wadogo wanaonaswa na kufa. Hiyo ni kelele ya binadamu inayookoa. Huko New Mexico, Marekani, karibu na mitambo ya gesi inayonguruma mchana na usiku, ndege wavumaji, wale wadogo wanaofyonza nekta ya maua, walifanikiwa zaidi kuangua na kulea makinda, kwa sababu ndege wa jamii ya kunguru wanaoiba mayai yao walikuwa wameikimbia kelele. Maua yaliyochavushwa na ndege hao yalinufaika pia.

Lakini ndege hao wa jamii ya kunguru ndio wanaobeba mbegu za misonobari na kuzifukia ardhini. Walipohama, mbegu ziliachiwa panya, ambao huzila. Sehemu tulivu zilikuwa na miche ya misonobari takriban mara nne ya zile zenye kelele. Watafiti waliporudi miaka mingi baadaye, mahali ambapo kelele ilikuwa imekwisha kuhamishwa, miche ilikuwa bado haijarudi. Aliyefaidika na aliyepoteza wote walikuwapo, na hasara ikadumu kuliko mtambo.

Baharini mambo ni mazito zaidi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mngurumo mzito wa rafadha, yaani panga zinazosukuma meli, huangukia katika masafa yale yale ya sauti ambayo nyangumi wakubwa huitumia kuitana. Meli zilipopungua ghafla baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, kelele ya chini ya maji katika Ghuba ya Fundy, Kanada, ilishuka kwa desibeli 6, yaani nguvu yake ikabaki robo. Homoni za msongo kwenye kinyesi cha nyangumi wa hapo zikashuka pia. Mkosoaji atasema tukio moja haliwezi kuwa uthibitisho, na ni haki yake. Ila ushahidi wa sona za kivita, vifaa vinavyotuma sauti kali majini ili kutafuta nyambizi, ni mgumu kuukwepa. Nyangumi walipokwama ufukweni Bahamas mwaka 2000, jeshi la majini la Marekani lenyewe lilikubali kwamba sona zake ndizo chanzo kinachoelekea zaidi. Majeshi husema nyambizi za adui haziwezi kugunduliwa kwa njia nyingine ya kutegemewa, na hitaji hilo ni la kweli. Hata hivyo, mwaka 2004 Hispania ilipiga marufuku sona hizo kuzunguka Visiwa vya Kanari, na hadi 2013 wataalamu waliripoti kwamba makundi ya nyangumi hayakuwa yamekwama tena huko. Marufuku ilihusu eneo hilo tu, wala ulinzi haukufutwa.

Hapo ndipo ninapoona mjadala unapaswa kusimama: wapi, lini, kwa kasi gani. Mitambo ya umeme wa upepo baharini tunaihitaji ili kukabili mabadiliko ya tabianchi, na kupigilia nguzo zake kwenye sakafu ya bahari hutoa kishindo kibaya. Ujerumani iliweka kikomo cha desibeli 160 kwa umbali wa mita 750, na wajenzi wakalazimika kuzungushia nguzo mapazia ya mapovu ya hewa yanayomeza sauti. Ujenzi uliendelea. Karibu na Vancouver, tangu 2017, bandari huzishawishi meli kupunguza mwendo nyangumi wauaji wanapokuwapo, nyingi hukubali, na kelele hupungua kiasi cha kupimika. Meli iendayo polepole huchoma mafuta machache kwa safari na huua nyangumi wachache inapowagonga, ingawa mzigo huchelewa na mwenye mzigo ana haki ya kulalamika.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, lilitoa miongozo ya kupunguza kelele za meli mwaka 2014, likaipitia upya mwaka 2023. Bado ni ya hiari. Mwenye meli anayenunua rafadha tulivu hubeba gharama peke yake, huku mshindani wake asiyejali akipita njia ile ile, juu ya nyangumi wale wale, bila kudaiwa chochote.