Mlimpasua, kwa nini hamkumwambia utumbo unaweza kushikana?

Bado nina hasira. Dada yangu alitolewa kidole tumbo miaka 9 iliyopita, kidonda kikapona tukasahau, juzi tumbo likamnyonga usiku kucha, anatapika nyongo, tumbo limejaa, hajambi wala haendi choo, tukamkimbiza, tukaambiwa ni gesi, turudi nyumbani. Daktari wa pili ndo akauliza: umewahi kupasuliwa tumbo? Swali moja tu, na ndilo lililomuokoa.

Utumbo ulikuwa umeshikana na kuziba. Ukipasuliwa, ule utando laini unaofunika utumbo ukijeruhiwa unaanza kujiponya humo ndani, makovu yanafunga vitu visivyotakiwa kushikana, utumbo kwa utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Wengi sana waliopasuliwa wanayo na hawatasumbuka maisha yao yote. Lakini kwa mwingine yanakuja kuziba njia hata baada ya miaka 20, na kwa mwanamke yakikamata mirija ya uzazi anaweza kuhangaika kutafuta mtoto bila kujua sababu. Tena makovu yenyewe mara nyingi hata CT skani haiyaonyeshi.

Sawa, nakubali, kidole tumbo kilikuwa lazima kitoke, na hata upasuaji wa matundu madogo unapunguza tu makovu hayo, hauyazuii. Madaktari wanasema ukiwaambia wagonjwa mapema wataogopa kisu. Waogope! Mtu mzima ana haki ya kujua anachobeba tumboni, maana anayejua anawahi, na anayedhani ni gesi anakunywa dawa za gesi huku utumbo unakosa damu, unaoza, unatoboka. Hapo ni kifo jamani.

Na kupasua tena ili kuyakata makovu si jambo dogo, utumbo unaweza kutobolewa bahati mbaya, na kidonda kipya kinazaa makovu mapya. Ndo maana kama hakuna dalili ya utumbo kunyongwa wanaanza na mrija wa puani na dripu, wanasubiri hadi siku 3 hivi. Wa dada ulifunguka siku ya pili, nililia kwenye korido aliposema amejamba.

Karatasi ya kuruhusiwa ya miaka 9 iliyopita ninayo hapa: asinyanyue vitu vizito, arudi kutolewa nyuzi. Basi. Ya juzi inasema anywe maji mengi. Nimechukua kalamu nikaongeza chini: AMEWAHI KUPASULIWA TUMBO, AKITAPIKA NA HAJAMBI MSIMRUDISHE NYUMBANI.